Punguza Besi, Usikike Ukerewe

Mwanza tunapenda besi. Spika ya baa isipotikisa kifua, wateja wanahamia ya jirani. Ladha hiyo ukiileta kwenye redio ya ridhaa, ile ya wapenzi wa mawasiliano wenye leseni, mwenzako aliyeko Ukerewe atapata mngurumo, na nusu ya maneno yataishia ziwani.

Kwenye SSB, namna ya kurusha sauti inayotumia nafasi nyembamba hewani, kichujio cha redio kwa kawaida kinapitisha sauti za takriban hezi 300 hadi 2700 tu. Nguvu kubwa ya sauti ya mtu iko kwenye irabu, sehemu ya chini. Konsonanti zinazotenganisha neno na neno, kama s, f, sh, t na k, ni dhaifu, na sehemu yake kubwa iko juu ya hezi 1000. Besi ikiachwa itambe, inamaliza wati zako kabla konsonanti hazijapata chochote. Mita inapanda vizuri, ila hueleweki.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, tuliza chumba. Mimi nakaa Bugarika, juu kwenye mawe, na chini yangu kuna fundi wa kuchomelea. Akianza kazi nafunga dirisha, na feni nazima. Maiki ikae vidole vitatu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya p na b isiigonge. Umbali huo usibadilike, kwa sababu maiki nyingi za kuelekea upande mmoja huongeza besi zenyewe ukizisogelea.

Sasa chomoa antena, ufunge mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu ya redio isiende hewani. Ikwalaiza, yaani vitufe vya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, yote iwe sifuri; kompresa, inayosogeza sauti hafifu karibu na kubwa, izimwe. Ongea kama unavyoongea siku zote, upandishe geini ya maiki mpaka mita ya ALC (kidhibiti kinachozuia redio isizidiwe na sauti) icheze kidogo pale sauti inapopanda tu. Usijipime huku unaongea: mifupa ya kichwa inakupa besi ambayo msikilizaji haipati. Rekodi kupitia redio ya pili iliyotolewa antena isije ikazidiwa, kisha sikiliza kwa hedifoni.

Cha kusema? Achana na "haloo, haloo", haipimi kitu. Mimi nasema: pika, fika, shika, zika. Halafu: tatu, tano, sita, saba. Kama kwenye rekodi "fika" na "shika" zinafanana, kazi bado ipo.

Kwenye ikwalaiza, anza kwa kupunguza. Chini ya hezi 200, ambako kichujio hakimalizi besi yote, shusha desibeli 6, hata 10 kama una sauti nzito kama yangu. Ikisikika kama unaongea ndani ya pipa, shusha 2 au 3 kati ya hezi 400 na 800, usizidishe hapo, utabaki na sauti ya bati. Kisha pandisha 3 hadi 6 kati ya hezi 1500 na 2500. Kupandisha hezi 5000 ni kupoteza muda, kichujio hakitazipitisha.

Redio yako ya zamani haina ikwalaiza? Kapasita moja inatosha, na mafundi redio wa mjini wanazo kwenye makopo. Iunganishe mfululizo kwenye waya wa sauti. Kama maiki ni ya omu 600 na mlango wa redio ni omu 600, maikrofaradi 0.47 itaanza kupunguza chini ya hezi 280 hivi. Maiki ya elektreti inayopewa umeme na redio kupitia waya huohuo, kapasita ikae baada ya pale umeme unapoingilia, la sivyo maiki itakufa ganzi.

Kompresa iwashe mwisho kabisa, desibeli 6 hivi, uangalie ALC tena. Ukisikia feni ya jirani kati ya maneno yako, shusha kompresa.

Hapo ndipo unarudisha antena na kwenda hewani, kwenye bendi ya mita 40 mchana kwa Ukerewe au Sengerema. Usimuulize mwenzako kama sauti ni nzuri. Watu wetu wana adabu, atakwambia "safi kabisa, mzee". Msomee maneno kumi yaliyochanganywa, ayaandike, kisha akusomee.

Rudieni usiku. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, pepo zinakutana juu ya maji na mawingu ya radi yanapanda. Mita 40 inajaa mipasuko. Mpangilio uliopendeza mchana unaweza kuzama hapo. Ikibidi, ongeza desibeli 2 nyingine kwenye hezi 2000, hata kama sauti inakuwa kali kidogo.

Mwenye sauti nyembamba asinakili namba zangu. Binti yangu mwenye leseni yake hushusha 3 tu chini, na juu haongezi kitu. Akiongeza, s zake zinachoma masikio.