Kumnywesha ORS mtoto anayetapika kwa virusi vya rota

Virusi vya rota kwa kawaida huanza na homa na kutapika, kisha hufuata choo cha majimaji kisicho na damu. (Ukiona damu, sababu huenda ni nyingine, mpeleke kituo cha afya.) Hakuna dawa ya kuviua. Kinachomaliza mtoto ni kuishiwa maji, basi kazi yako ni kuyarudisha kwa ORS, unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji.

1. Mkague

Finya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, mkunjo ufuate urefu wa mwili, kisha achia. Ikirudi papo hapo na mtoto amechangamka, endelea nyumbani. Ikirudi polepole, macho yamedidimia na anakunywa kwa pupa, mpeleke kituoni huku ukimnywesha njiani. Ikizidi sekunde 2, au amelegea, hawezi kunywa, au amepata degedege: hospitali sasa hivi. Mwenye utapiamlo ngozi yake hudanganya, naye wa chini ya miezi 2 hana cha kusubiri nyumbani. Wote wawili wapelekwe.

2. Changanya

Soma pakiti: nyingi ni za lita 1, ila za nusu lita zipo. Mimina unga wote kwenye maji safi ya kipimo hicho. Usichote robo ya unga kwenye glasi, kwa sababu chumvi na sukari hazigawanyiki sawa, na ORS yenye chumvi kali ni hatari. Usiongeze sukari. Saa 24 zikipita, mwaga kilichobaki.

3. Mnyweshe

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtoto ana kiu, anapewa kikombe, anakigida chote, dakika 2 baadaye kimerudi chote, na mama anasema ORS "imemkataa". Haijamkataa, tumbo limejazwa ghafla.

Tumia kijiko cha chai, yaani mililita 5, kimoja kila dakika 1 au 2. Kinaonekana kidogo mno, lakini piga hesabu. Mtoto wa kilo 8 aliyeanza kuishiwa maji anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4: mililita 600, au 150 kwa saa. Hivyo ni vijiko 30 kwa saa, kimoja kila dakika 2.

Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena taratibu zaidi. Kutapika mara moja hakumaanishi kila kitu kimetoka. Akitapika kila unachompa hata ukienda taratibu hivyo, nyumbani pameshindikana.

Akikataa kijiko, bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano ndilo bora: mkalishe, elekeza ncha ndani ya shavu, sukuma kidogo kidogo. Kumlaza chali na kumimina kooni ni kumpalia. Chupa ya chuchu iweke kando, ni ngumu kuisafisha. Akisinzia usiku, mwamshe, kuharisha hakulali.

Asiyeonyesha dalili za kuishiwa maji apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji kama hajafika miaka 2, na 100 hadi 200 akishazidi hapo.

4. Chakula na dawa

Endelea kunyonyesha, na anayekula ale. Soda na juisi za dukani zina sukari nyingi, huzidisha kuharisha. Dawa za kufunga tumbo ni marufuku kwa mtoto mdogo. Flagyl na antibayotiki nyingine haziui virusi, ingawa duka la dawa halitakosa kukuuzia.

5. Zinki

Kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, nusu kwa wa chini yake. Kiyeyushe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Dozi ni siku 10 hadi 14. Kuharisha kukikoma siku ya 4, vidonge vya siku 6 au zaidi bado vinamsubiri.