Kabla ya kuchora ripoti ya mauzo: kutayarisha data ya maduka ya Lubumbashi

Anza na swali hili: mstari mmoja wa jedwali lako ni nini? Fakture (ankara) nzima, au bidhaa moja ndani ya fakture? Ukivichanganya, mauzo yatahesabiwa mara mbili. Chukua bidhaa moja ndani ya fakture. Ukiwa na hiyo unaweza kujumlisha kwa fakture, kwa siku au kwa duka. Ukianza na jumla, huwezi tena kuichambua.

Kisha pesa. Lubumbashi tunauza kwa dola na kwa faranga, pengine kwenye fakture ileile. Kwa hiyo safu ya kiasi peke yake haitoshi: weka pia sarafu, na kiwango cha kubadilisha pesa cha siku ya mauzo. Ukigeuza yote kwa kiwango cha leo, mauzo ya mwezi uliopita yatabadilika kila ripoti inaposasishwa, na mwenye duka ataacha kuiamini, tena kwa haki. Jedwali la viwango liwe na mstari mmoja kwa kila siku. Siku isiyo na kiwango ijazwe kile cha mwisho kilichojulikana. Na uamue mapema kama unafuata kiwango cha Benki Kuu ya Kongo au kile kinachotumika kwenye kaunta ya duka.

Tarehe na desimali huharibu kimyakimya. Sisi tukiandika 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inasoma 4 Machi. 25/04/2025 itatoa kosa, utaliona. Zile ambazo siku haizidi 12 zitapita zimegeuzwa. Vilevile kilo 12,5 zitasomwa 125. Katika Power Query, chombo cha kutayarisha data ndani ya Excel na Power BI, unapobadilisha aina ya safu, taja palepale kwamba data imeandikwa kwa desturi ya Kifaransa.

Majina nayo yasafishwe: ondoa nafasi tupu mwishoni, chagua tahajia moja. Angalia hasa Kenya, moja ya komine (sehemu za mji) za Lubumbashi. Ukiiweka kwenye ramani bila kuongeza Lubumbashi na nchi, mauzo yako yanaweza kutua katika nchi ya Kenya.

Jedwali la mauzo likae katikati. Majedwali ya bidhaa, wateja, maduka na tarehe yalizunguke, kila msimbo ukiandikwa mara moja tu katika jedwali lake. Mfuko wa kilo 25 wa unga wa bukari ukisajiliwa mara mbili kwa msimbo uleule, mauzo ya mifuko 40 yatakuwa 80 mara tu utakapounganisha majedwali. Stoki ya depo usiijumlishe kwa siku: mifuko 200 iliyolala mwezi mzima haiwi 6.000. Chukua hesabu ya siku ya mwisho.

Hesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha, kisha linganisha jumla ya mwezi mmoja na daftari la kesi (sanduku la pesa), dola peke yake na faranga peke yake. Mistari ikiongezeka, rudi kwanza kwenye jedwali la bidhaa.