Somo: Kodi ya mapato kwa mwajiriwa na mstaafu, hatua kwa hatua

Wengi wetu tunaijua kodi ya mshahara kwa kuiona tu: mstari mmoja kwenye hati ya mshahara, fedha imeshakatwa, maisha yanaendelea. Kwa mwenye mwajiri mmoja na mshahara uleule mwaka mzima, hakuna neno. Shida huanza kipato kinapobadilika sura: umepandishwa cheo, umeongeza kazi ya pili, au umestaafu katikati ya mwaka. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba aliyekuwa akimkata hakujua habari zake zote.

Basi shikeni hili kwanza. Katika nchi nyingi kodi ya mapato ni ya mwaka mzima, na hutozwa kwenye jumla ya mapato ya mtu. Makato ya kila mwezi ni malipo ya awali tu. Marekani ilianza utaratibu wa sasa wa kukata kwenye mshahara mwaka 1943, Uingereza ikafuata na PAYE ("lipa kadiri unavyopata", kodi inayokatwa kwenye kila mshahara) mwaka 1944. Ilikuwa vita, serikali zilitaka fedha haraka, na wafanyakazi wengi wa kawaida walikuwa ndio kwanza wanaingizwa kwenye kodi hiyo.

Hatua ya 1: Kusanya mapato yote

Mshahara, posho, bonasi, malipo ya saa za ziada. Ongeza na visivyo fedha taslimu, kama nyumba ya mwajiri au gari la kazi unalolitumia kwa shughuli zako. Sheria nyingi huvipa thamani na kuvitoza. Kwenye posho ndiko watu huteleza. Ukirudishiwa nauli ya safari ya kikazi kwa risiti, kwa kawaida hayo si mapato. Ukilipwa posho ya usafiri kila mwezi, usafiri usisafiri, mara nyingi hayo ni mapato.

Hatua ya 2: Toa kinachoruhusiwa

Kikubwa hapa ni mchango wa pensheni kwenye mfuko unaotambuliwa na sheria, mara nyingi hadi kikomo fulani. Rejesho la mkopo wa kawaida halipunguzi kodi, hata kama linakatwa kwenye hati hiyohiyo ya mshahara.

Hatua ya 3: Pita ngazi kwa ngazi

Tuchukue viwango vya kubuni, sarafu yoyote uipendayo. Kwa mwaka, 120,000 za kwanza hazitozwi. 120,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 10. 120,000 za tatu, asilimia 20. Zaidi ya hapo, asilimia 30.

Mwenye 360,000 kwa mwaka: ngazi ya kwanza 0, ya pili 12,000, ya tatu 24,000. Jumla 36,000, yaani asilimia 10 ya mapato yake yote, ingawa yumo kwenye "ngazi ya asilimia 20". Kiwango cha juu hugusa kile kilichovuka mstari peke yake.

Hatua ya 4: Toa unafuu wa kodi

Usiuchanganye na hatua ya 2. Ile hupunguza mapato kabla ya hesabu. Huu hupunguza kodi yenyewe baada ya hesabu. Kwa mtu wetu, kutoa 12,000 kwenye mapato kunamwokolea 2,400. Unafuu wa 12,000 unamwokolea 12,000 kamili. Ukisikia wanasiasa wametangaza punguzo, uliza kwanza ni la aina gani.

Hatua ya 5: Linganisha na kilichokwishakatwa

Chukua cheti cha makato cha mwaka kutoka kwa kila aliyekulipa, jumlisha, kisha linganisha na hesabu yako. Kimezidi, dai marejesho. Kimepungua, utadaiwa. Ritani, yaani fomu ya mwaka ya kutangaza mapato na kodi yako, ndiyo mahali pa kulisema hilo, na tarehe yake ya mwisho huja na faini kwa anayechelewa.

Sasa mstaafu

Kwake swali la kwanza ni: pensheni hutozwa lini? Fedha hiyo ina milango mitatu: inapochangwa, inapokua ndani ya mfuko, na inapotolewa. Nchi nyingi huachia milango miwili ya mwanzo na kusubiri kwenye wa tatu, lakini si zote. Ujerumani tangu 2005 inahama polepole kuelekea kuitoza pensheni inapolipwa. Uingereza kwa kawaida huruhusu robo ya akiba ya pensheni binafsi itoke kwa mkupuo bila kodi, hadi kikomo. Kenya iliondoa kodi kwenye pensheni za waliofikia umri wa kustaafu kwa sheria iliyoanza mwishoni mwa Desemba 2024. Kwa hiyo usichukue jibu la jamaa yako aliye nchi nyingine.

Jambo la pili ni mwaka wenyewe wa kustaafu. Turudi kwa mtu wetu: alipata 30,000 kwa mwezi hadi Juni, mwajiri akikata 3,000 kila mwezi kana kwamba atafika Desemba. Makato: 18,000. Kuanzia Julai pensheni yake ni 10,000 kwa mwezi, na mfuko haukati kitu. Mapato ya mwaka ni 180,000 na 60,000, jumla 240,000, na kodi yake ni 12,000. Amelipa 6,000 zaidi. Mfumo usiorekebisha hesabu kadiri mwaka unavyokwenda hautamrudishia asipodai, na wengi hawadai.

Kiinua mgongo cha mkupuo huenda kinyume. Kikiwa kinatozwa, chote huangukia mwaka mmoja na kuzipanda ngazi za juu. Kama sheria ya kwenu inaruhusu kukipokea kwa awamu, au ina viwango vyake maalumu, ulizia kabla hujasaini fomu. Baada ya saini mara nyingi hakuna la kufanya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeahidiwa cheo. Wenzangu wananiambia nikipanda ngazi nitabaki na mshahara mdogo kuliko wa sasa. Nikatae?*

Usikatae kwa sababu hiyo, ndugu yangu. Angalia hatua ya 3: kilicho chini ya mstari kinabaki na kiwango chake cha zamani. Kitu kimoja tu cha kuchunguza: kama una ruzuku au unafuu unaofutika wote mtu akivuka kipato fulani. Huo unaweza kuuma kweli.

*Shikamoo mwalimu. Nimestaafu ila nafanya kazi za muda. Kila upande unanikata sawasawa, iweje nidaiwe?*

Marahaba. Tuseme pensheni ni 20,000 kwa mwezi na kazi inakulipa 10,000. Mwajiri anaona 120,000 kwa mwaka, hakati. Mfuko unaona 240,000, unakata 12,000. Kila mmoja amekupa ngazi ya bure peke yake, na sheria inakupa moja tu. Jumla yako ni 360,000, kodi 36,000, hivyo unadaiwa 24,000. Wasilisha taarifa kwamba una walipaji wawili ili mmoja akukate bila ngazi ya bure, au weka akiba kila mwezi.

*Mwezi wa bonasi nilikatwa vibaya mno. Nimeibiwa?*

Huenda sivyo. Baadhi ya mifumo ya mishahara huuchukua mwezi huo kana kwamba miezi yote itakuwa hivyo. Hesabu ya mwaka ndiyo itakayosawazisha, kwa hiyo tunza hati ya mwezi huo.

*Mimi na mke wangu tunataka kuhamia nchi nyingine na pensheni zetu. Tutatozwa wapi?*

Tafuta mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili kati ya nchi hizo mbili. Mikataba mingi hufuata mfano wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea: pensheni ya ajira binafsi hutozwa unakoishi, ya utumishi wa serikali hutozwa na nchi inayoilipa, isipokuwa kama wewe ni mkaazi na raia wa ile nyingine. Kwa hiyo ninyi wawili mnaweza kuangukia kanuni mbili tofauti ndani ya nyumba moja. Pasipo mkataba, zote mbili zaweza kutoza, na hapo utategemea kama nchi unayoishi inakubali kutambua kodi iliyolipwa nje. Ombeni mapema cheti cha ukaazi wa kikodi, yaani hati ya mamlaka ya kodi inayothibitisha kwamba mnahesabiwa wakaazi wa nchi hiyo, maana mfuko wa pensheni hautaacha kukata kwa maneno matupu.