Kufundishia shambani Bukavu: vijana waliolemewa na darasa

Kwanza ondoa adhabu kwenye jembe. Katika shule zetu nyingi, aliyechelewa au aliyepiga kelele ndiye anayetumwa kulima, na kijana anakuja kwako na kumbukumbu hiyo. Usimwongezee mistari ya kulima eti ametukana. Akikosea, akae pembeni kidogo, kisha arudi. Wakikuita Papa au Mama badala ya Mwalimu, waache.

Mtu mzima mmoja aongoze vijana 6 hadi 8. Wakizidi utaanza kupaza sauti, na hapo ni darasa tena. Anza saa mbili asubuhi, maliza saa nne na nusu. Uji unywewe kabla ya kazi: wengi wametoka nyumbani tumbo tupu, na hasira ya saa tatu mara nyingi ni njaa. Toa agizo moja kwa wakati mmoja, ulionyeshe kwa mikono. Wanaolima waachane mita 3.

Kila kijana apate tuta lake, mita 1 kwa 5, na kijia cha sentimita 40. Tuta la wote halina mwenyewe. Panda lenga-lenga (mchicha) kwanza, si muhogo: aliyezoea kushindwa hawezi kungoja mwaka mzima aone matokeo. Lenga-lenga huvunwa baada ya wiki 4 hadi 6. Mwaka wa shule na msimu A (msimu wa kwanza wa kilimo) vyote huanza Septemba, kwa hiyo tayarisha matuta Agosti.

Tia ndoo moja na nusu ya samadi iliyooza kwa kila tuta; samadi mbichi ya mbuzi huunguza miche. Changanya kijiko cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga mkavu, kwa kuwa mbegu ni ndogo sana na mkono wenye haraka huimwaga yote mahali pamoja. Chora mifereji ya kina kisichozidi sentimita 1, kila sentimita 20. Tandaza majani makavu, uyaondoe mara miche inapochomoza. Isipoota, mara nyingi imezikwa mno. Mruhusu afukue aone mwenyewe.

Milima ya Bukavu ndiyo mwalimu wa hesabu. Funga miti miwili ya mita 2 kwa juu, itanue kama herufi A, kaza mti wa tatu katikati, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha kipimo juu ya vigingi viwili, weka alama pale kamba inapokata mti wa katikati. Kigeuze, mguu wa kushoto uende kulia, uweke alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo. Kijana aliyeshindwa na nusu ubaoni ataipata hapa: apime umbali kwa uzi, aukunje mara moja. Upepo ukiyumbisha kamba, tafuta jiwe zito zaidi. Sasa tembezeni kipimo kukata mteremko, kamba ikae kwenye alama ya usawa, mkichomeka kijiti kila hatua, kisha pandeni matete kwenye mstari huo. Matuta yakielekea bondeni, mvua moja kubwa itapeleka mbegu na samadi kwa jirani, nanyi mtabaki na ugomvi.

Daftari lina mambo manne tu: siku ya kupanda, siku ya kuota, mafungu yaliyokatwa, faranga zilizopatikana. Asiyejua kuandika achore vijistari, vitano vitano. Kubalianeni kabla ya kupanda faranga hizo ni za nani. Kijana akigundua baada ya mavuno kwamba si zake, hatarudi, na ana haki.

Kwa asiyetulia hata kidogo, kufuga dende (simbilisi, wanyama wadogo) husaidia kuliko jembe, maana wakisikia kishindo hujificha wote. Dume 1 kwa majike 5 yatosha. Majani yenye umande huwavimbisha tumbo: yakatwe jana yake, yatandazwe yanyauke kidogo. Kazi hiyo mpe kijana mmoja, usiku huo aende nayo akilini.