Jinsi ya kupiga picha nakshi za birika la ubatizo la jiwe: mwanga kwanza, kamera baadaye

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa kwaya yetu hapa Uingereza. Alitaka picha za birika la ubatizo la Eardisley kwa ajili ya darasa la kipaimara. Picha zake za simu zilikuwa safi, ila simba aliyechongwa juu yake alitoka doa la kijivu na wapiganaji wawili hawakuonekana kabisa. Simu haikuwa na kosa. Nakshi za jiwe huonekana kwa vivuli, na pale vivuli havikuwapo.

Eardisley ni kijiji cha Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales. Birika lake limo katika kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Lilichongwa kwenye jiwe la mchanga mnamo 1150, kwa mtindo uleule unaoonekana katika makanisa ya Kilpeck na Castle Frome, Herefordshire hiyohiyo. Nitalitumia kama mfano, lakini hatua hizi zinafaa kwa birika lolote la zama za kati lenye nakshi.

Hatua ya 1: Omba ruhusa

Makanisa mengi ya vijijini huku huwa wazi mchana, ila mlango ukiwa wazi haina maana umeruhusiwa kusimamisha taa ndani. Mwandikie kasisi au wazee wa kanisa wanaoshika funguo, uulize ratiba ya ibada na mazishi. Kifuniko cha birika usikiinue mwenyewe.

Hatua ya 2: Vifaa

Kamera yoyote unayoweza kuipanga kwa mkono, lenzi ya milimita 50 hadi 85, stendi imara yenye miguu ya mpira, tochi moja ya LED yenye mwanga mpana, na mtu wa kuishika. Lenzi pana ya simu siikubali hata kidogo, kwa sababu inavimbisha tumbo la birika na kupotosha vipimo. Flashi ya juu ya kamera iache nyumbani. Inapiga jiwe usoni na kufuta kila kivuli.

Chaki, unga, maji, karatasi ya kusugulia: hapana. Jiwe la mchanga hupukutika, na punje inayodondoka leo haitarudishwa na mtu.

Hatua ya 3: Zunguka bila kamera

Anzia upande wa mashariki, unaotazama altare, uende kwa mwelekeo wa saa ukiandika unachokiona. Eardisley utamkuta Kristo akishuka kuzimu, amemshika mtu mkono anamvuta atoke kwenye mikanda iliyosukana. Utakuta watu wawili wakipigana, mmoja ana upanga na mwingine ana mkuki uliomchoma mwenzake pajani. Yupo simba mkubwa, na kuna mikanda inayopita huku na huku, ikiwanasa baadhi ya watu miguu na mikono. Watu huwahusisha wapiganaji hao na ukoo wa Baskerville, mabwana wa zamani wa Eardisley. Hayo ni mapokeo, kwa hiyo kwenye maelezo ya picha mimi naandika "wapiganaji wawili", basi.

Kisha kagua ukingo wa juu. Mwaka 1236 Edmund wa Abingdon, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafungwe kwa kufuli ili maji yaliyobarikiwa yasiibwe na kutumiwa kwa uchawi. Mabirika mengi ya zamani yana alama za vifungo hivyo: tundu, kisiki cha chuma kilichoshikizwa kwa madini ya risasi, au ukingo uliomeguka chuma kilipong'olewa. Zipige picha zote. Watu wengi huzikata wanapopunguza picha wakidhani ni uharibifu tu, na inaniuma kila nikiona, maana kipande kile kinaeleza birika lilivyolindwa kwa karne nyingi.

Hatua ya 4: Mwanga

Hapa usiharakishe. Hatua nyingine zote zikiharibika unaweza kurudia, ila mwanga ukiwa mbaya hakuna programu itakayokuokoa.

Tunachotaka ni mwanga wa ubavuni. Tochi inashikwa karibu na usawa wa jiwe, nyuzi 10 hadi 20 tu, ili mwale upite juu ya uso wa jiwe badala ya kuupiga. Kila mwinuko unatupa kivuli, na mstari ulioupita bila kuuona unajitokeza. Mwanga wa namna hii ndio unaofaa pia kwa maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mafundi wa pwani walikuwa wanachonga matumbawe kwa ustadi huo kabla birika la Eardisley halijakuwapo.

Tatizo ni kwamba birika ni duara. Ukiweka tochi kushoto, sehemu iliyo karibu nayo inapigwa moja kwa moja na kukosa vivuli, ng'ambo ya pili ni giza, na katikati ukanda mwembamba tu ndio unaosomeka. Usihangaike kutafuta pembe moja itakayoonyesha upande mzima, kwa sababu haipo. Ligawe birika vipande 12 vya nyuzi 30, na kila kipande kiwe kazi inayojitegemea: hamisha stendi, kaa mkabala na katikati ya kipande, panga taa upya.

Mwanga wa madirisha ndio unaoharibu kazi nyingi, kwani unajaza vivuli bila wewe kutambua. Jicho linazoea, kamera haizoei. Ukiweza, nenda majira ya baridi. Desemba jua huzama mnamo saa kumi jioni. Kiangazi itabidi msaidizi wa pili ashike kitambaa kati ya dirisha na birika. Kiwe cheusi, maana cheupe kinarudisha mwanga. Omba taa za kanisa zizimwe, pamoja na ile inayomulika birika kutoka darini. Halafu jipime: piga picha moja tochi ikiwa imezimwa, bila kubadilisha mpangilio wowote. Ikitoka karibu nyeusi, endelea. Ukiona nakshi, bado kuna mwanga wa kuziba.

Tochi ikae mbali, angalau mara tatu ya upana wa kipande. Ikikaribia sana, upande mmoja unaungua mweupe.

Kwa kila kipande piga picha nne, tochi ikitoka kushoto, kulia, juu na chini, kamera isisogee hata kidogo. Sababu ni hii: mstari unaokwenda sambamba na mwale hupotea. Nguo za wapiganaji wa Eardisley zimechongwa mikunjo myembamba iliyopangana. Mwanga ukiifuata mikunjo kwa urefu, nguo inaonekana laini. Ukiikata, kila mkunjo unasimama peke yake.

Picha hizo nne ndizo pia zitakazokuambia lipi ni alama ya patasi na lipi ni doa. Mchoro wa patasi hubadilisha kivuli tochi inapohama. Doa hubaki vilevile. Mabaki ya chokaa ndani ya mifereji nayo hubaki meupe katika picha zote nne. Usiyakwangue, kwani chini yake huenda pana rangi ya kale.

Angalizo moja: picha ya mwanga wa chini usiichapishe peke yake. Macho yetu yamezoea nuru inayotoka juu, hivyo nakshi iliyoinuka itaonekana imebonyea. Itunze kwa uchunguzi. Ya kuchapisha iwe na mwanga unaotoka juu kushoto.

Hatua ya 5: Piga

ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, rangi ya mwanga (white balance) ifungwe, faili ghafi (RAW), kipima muda cha sekunde 2. Rula ya kipimo ishikwe kwa stendi yake, isiegemezwe kwenye jiwe.

Hatua ya 6: Panga faili

Taja kipande na upande wa taa: "03-kushoto", "03-juu". Kipande cha 01 ni kile cha mashariki. Linganisha na maelezo ya Corpus of Romanesque Sculpture in Britain and Ireland, orodha ya nakshi za mawe za mtindo wa zama hizo, yanayopatikana bure mtandaoni. Picha za pande tatu (3D) zina faida yake, ila mimi huzifanya baada ya hizi, kamwe si badala yake. Nakala moja ya faili zote, pamoja na mchoro wa vipande 12, waachie wazee wa kanisa.