Somo: Kulinganisha ndege za kivita bila ubishi wa bure

Tangu India na Pakistani zikabiliane angani Mei 2025, barazani Mji wa Kale, Mombasa, hakuna jingine: Rafale ya Ufaransa iliyorushwa na India, au J-10C ya China iliyorushwa na Pakistani? Mmoja anataja kasi, mwenziwe bei, wa tatu video ya maonyesho. Hizi hapa hatua ninazofuata mimi. Kasi nimeiweka nyuma makusudi.

Hatua ya 1: Liwekee swali mipaka
"Ipi kali?" halijibiki. Sema ni ngapi kwa ngapi, zinalinda nini, na kama nyuma yao kuna ndege ya rada na ya kujaza mafuta angani. Gripen ya Sweden iliundwa iweze kuruka kutoka barabarani na kuhudumiwa na watu wachache. F-22 ya Marekani iliundwa itawale anga. Kuzipambanisha hivihivi ni kuionea Gripen.

Hatua ya 2: Nani anamwona mwenziwe kwanza?
Hapa tusiharakishe. Ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 900 kwa saa, hukaribiana nusu kilomita kila sekunde. Tuseme adui anakunasa mkiwa mmeachana kilomita 100, kama Mombasa na Malindi kwa mstari ulionyooka. Wewe unamnasa zikibaki 50, kama Mombasa na Kilifi. Amekutangulia kwa sekunde 100. Muda huo keshapanda juu, keshachagua pembe, na kombora huenda liko njiani.

Sasa tazama gharama ya kujificha. Ili umbali wa kuonekana upungue nusu, mwangwi unaorudi kwenye rada hautoshi kupungua mara 2. Lazima upungue mara 16, yaani 2×2×2×2. Ndiyo maana F-22 na F-35 za Marekani na J-20 ya China zilichorwa upya umbo zima, na silaha zikafichwa tumboni. Ning'iniza makombora chini ya mabawa uone mwangwi unavyorudi.

Tena rada si jicho pekee. Su-35 ya Urusi ina kihisi kinachofuata joto la adui bila kutoa mawimbi yoyote.

Hatua ya 3: Imebeba kombora gani?
Kombora la kawaida huchoma mafuta yake muda mfupi, kisha husafiri kwa kasi iliyobaki. Likifika mbali limechoka, na rubani akikata kona kali huliponyoka. Meteor ya Ulaya, iliyoanza kazi kwenye Gripen mwaka 2016, ina injini inayovuta hewa na kuongeza au kupunguza moto njiani, hivyo hubakiza nguvu ya mwisho. Kwa hiyo achana na umbali wa juu ulioandikwa kwenye brosha. Uliza ni umbali gani ambao mlengwa haponi hata akigeuka kukimbia. Kwangu mimi, kisa cha Mei 2025 kinahusu kombora la China la PL-15 kuliko J-10C iliyolibeba. Pakistani ilidai kuangusha Rafale. India ilikiri kupoteza ndege bila kutaja idadi.

Hatua ya 4: Kasi na kona
F-15 ya Marekani husifiwa kwa Mach 2.5, yaani mara mbili na nusu ya kasi ya sauti, lakini ikibeba matangi na makombora haifiki huko. Ukigawanya msukumo wa injini kwa uzito, tumia uzito wa ndege yenye silaha na mafuta, si ndege tupu.

Hatua ya 5: Rubani na karakana
Mwaka 1999 Su-27 za Ethiopia zilipambana na MiG-29 za Eritrea. Zote ni kazi ya Wasovieti, na pande zote zilikuwa na makombora ya R-27, ambayo mengi yalikosa. Ethiopia ndiyo iliyotoka na ushindi, kwa hiyo silaha peke yake haziamui. Na ukihesabu ndege, hesabu zilizo tayari kuruka leo, si zilizonunuliwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Likoni: Shikamoo mwalimu. F-5 zetu za Kenya, zilizoko Laikipia, zitaziweza Su-30 za Uganda?

*Jibu:* Marahaba. Kasi ya juu ya F-5E ni kama Mach 1.6, sawa na F-35! Umeona kwa nini kasi nimeiweka nyuma? F-5 ni ndogo, vigumu kuiona kwa macho, na Wamarekani huitumia kuigiza adui mazoezini. Lakini Su-30 ina rada kubwa na makombora ya mbali. Rudi hatua ya 2, jibu utalipata. Na jirani ni jirani, yasitufike.

Wa Kisauni: Ami, mbona F-117 ya Marekani iliangushwa Serbia na ilikuwa ya kujificha?

*Jibu:* Kweli, tarehe 27 Machi 1999, kwa mtambo mkongwe wa makombora ya kutungulia ndege, S-125. Kujificha hupunguza umbali wa kuonekana, hakukufuti. Halafu F-117 ilikuwa ya kudondosha mabomu. Haikuwa na rada, wala haikuundwa kupigana na ndege nyingine.

Wa Changamwe: Na ile Su-27 inayoinua pua ikasimama wima hewani?

*Jibu:* Hiyo ni Cobra ya Pugachev, iliyowashangaza watu Paris mwaka 1989. Inapendeza, wallahi. Lakini ukiimaliza kasi yako imekwisha, na kama adui ana mwenziwe nyuma, umejianika. Inafaa pigano la karibu sana, la mmoja kwa mmoja, wakati makombora ya hatua ya 3 yameshindwa kazi.

Wa Changamwe: Kwa hiyo Rafale au J-10C?

*Jibu:* Nipe hatua ya 1 kwanza, kaka.