Kabla ya kurekodi Sarabande ya Bach, itembee

Nimeligundua wiki hii: kabla ya kurekodi Sarabande ya Bach kwa chelo (ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde), weka chelo chini, tembea ukihesabu moja-mbili-tatu, na uzito wa mwili uuache kwenye mbili, yaani pigo la pili. Sarabande ni ngoma ya kuchezwa. Huko Hispania iliwahi kupigwa marufuku mwaka 1583, baadaye ikapunguza mwendo huko Ufaransa. Mguu ukishaizoea ile mbili, upinde hukaa hapo bila kukandamizwa. Mimi nilikuwa nakandamiza, na maikrofoni ikinasa mikwaruzo. Lakini usiitumie njia hii kwa suiti ya 5 ya Bach ya chelo (suiti ni mfululizo wa vipande vya ngoma): Sarabande yake ni noti moja moja mwanzo hadi mwisho, hakuna noti mbili zinazolia pamoja, na mkazo wa namna hii huikatakata.